Maiti Hatoroki

Barua ya wazi kwa Maafisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri 11 za Mkoa wa Tanga, na kwa walezi wa vituo vya watu wazima wenye ulemavu

Waheshimiwa maafisa, na nyinyi wanangu mnaoshika zamu,



Nimesoma faili la mdogo wangu. Sikuliiba. Niliomba, nikapewa, nikaonyeshwa benchi nje ya ofisi nikalisomee hapo. Mdogo wangu ana miaka 44 na ana ulemavu wa akili tangu homa ya utotoni iliyompanda kichwani akapata degedege siku mbili mfululizo. Anaishi katika kituo kimoja ndani ya mkoa wetu, nacho sitakitaja, kwa kuwa ninayotaka kuyasema hayakihusu peke yake. Kwenye ukurasa wa tatu pana kichwa cha habari, "Malengo ya Tabia", na chini yake mistari mitatu: awe na tabia nzuri, apunguze ukaidi, asitoroke. Tarehe ya kwanza ni ya miaka sita iliyopita. Kila mwaka tangu hapo mwandiko umebadilika, rangi ya wino imebadilika, mwaka mmoja hata muhuri umebadilika, lakini maneno ni yaleyale. Na mbele ya kila mstari, kila mwaka, pameandikwa neno moja: "Linaendelea."

Nililitazama neno hilo mpaka chai niliyoletewa ikapoa. Linaendelea nini?

Kabla hamjadhani nimekuja kulaumu, niseme langu. Nimefundisha kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi mpaka nikastaafu, na sentensi kama hizo nimeziandika kwa mkono wangu. "Mwanafunzi aongeze usikivu." "Awe mchangamfu." Niliziandika usiku wa Jumapili kwa sababu mkaguzi alikuwa anakuja Jumatatu, na mkaguzi alipokuja alihesabu kurasa akaweka tiki. Sikuwahi kuulizwa nitajuaje kwamba usikivu umeongezeka. Kwa hiyo barua hii inaandikwa na mkosaji kwenda kwa wakosaji wenzake.

Huko Marekani alikuwapo mwanasaikolojia aitwaye Ogden Lindsley, aliyewahi kufanya kazi na wagonjwa wa hospitali ya akili kabla hajageukia mambo ya shule. Mwaka 1965 aliwapa walimu kipimo kimoja cha kuchujia malengo yao, nacho ni chepesi kama kijiko: ikiwa maiti anaweza kulifanya, hilo si tendo. Sisi watu wa huku hatuhitaji kuelezwa sana. Wengi wetu tumeshasimama kando ya kitanda cha kuoshea, tukashika ndoo au udi. Aliyelazwa pale hapigi kelele. Hamng'ati mwenzake, hatupi sahani, hakatai uji, hatoroki. Ana utulivu ambao hakuna aliye hai atakayemfikia. Nikilipima faili la mdogo wangu kwa kipimo hicho, mtu wa kwanza kutimiza malengo yote matatu ni yule anayesubiri sanda.

Najua sentensi hiyo inachoma. Niliwahi kuisema mbele ya walezi sita, mmoja akaniambia, "Mwalimu, umevuka mpaka." Pengine. Lakini chukueni faili lolote kesho asubuhi mlipitishe hapo, mtaona ni mistari mingapi inabaki.

Kiswahili chenyewe kinatutahadharisha, tukikisikiliza. Lengo likianza na "asi-" (asipige, asiguse, asitoke), hapo tumeandika ombi letu la kupumzika. Lengo likianza na "awe" (awe mtulivu, awe msafi, awe na nidhamu), hapo tumeandika sifa, na sifa hukaa kichwani mwa anayetazama. "Awe msafi": mlezi wa asubuhi anamaanisha kuoga, wa jioni anamaanisha shati, mkuu wa kituo anamaanisha harufu ya bweni siku ya wafadhili. Halafu kuna ndugu zao watatu wa kwenye semina, "apunguze", "aongeze" na "aimarishe". Apunguze kutoka ngapi? Hakuna aliyehesabu, na kama hakuna aliyehesabu leo, mwakani tutasema nini zaidi ya "linaendelea"?

Mwaka 1962 Mmarekani mwingine, Robert Mager, aliliandikia kitabu kidogo jambo hilihili, akiwalenga watu wanaotayarisha masomo. Alitaka mambo matatu katika lengo: mtu atafanya nini kinachoonekana, katika mazingira gani, na kwa kiwango gani tuseme ameweza. Yale malengo ya herufi tano mnayofundishwa kwenye semina yalikuja baadaye, mwaka 1981, kwa kalamu ya George Doran, naye alikuwa anazungumza na mameneja. Sina ugomvi nayo. Ila nimeona mtu akizitaja herufi zote tano bila kukosea, kisha akarudi mezani kuandika "awe na tabia nzuri ndani ya miezi 12". Amepata muda, hajapata tendo.

Sasa niwasimulie ya "asitoroke", maana hapo ndipo nilipojifunza.

Pale kituoni yupo binti mlezi, amemaliza kidato cha nne, mkono wake mwepesi na hasira zake fupi, namheshimu sana. Nilimwambia: tusiandike chochote kwa wiki mbili. Tuhesabu tu. Kila mdogo wangu anapotoka getini, andika siku, saa, na alikokutwa. Aliguna, akaandika. Wiki mbili zilipokwisha tulikaa chini ya mkungu, na daftari lilikuwa na safari tisa. Nane kati ya hizo zilikuwa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alasiri. Na mara zote nane alikutwa mahali pamoja: ng'ambo ya barabara, chini ya mwembe, kwa fundi baiskeli.

Mnaujua mji wetu wa Tanga. Baiskeli kwetu ni miguu. Mama anabebwa kwenye karia na kapu lake la samaki, mwanafunzi anaendesha huku mwenzake amesimama nyuma, mzee anakwenda msikitini na kanzu ameikunjia mapajani. Kila mtaa wa Ngamiani una fundi wake, na kwa fundi kuna maneno, kuna kahawa, kuna redio. Marehemu baba yetu alikuwa na baiskeli, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa akiipangusa. Miaka sita faili limeandika kwamba anatoroka. Anayetoroka anakimbia kitu. Huyu alikuwa na mahali anakokwenda, na saa yake ya kwenda, tena ileile ambayo kituoni hakuna kinachofanyika: wa mchana wanakabidhi zamu, wa jioni hawajakaa sawa, geti liko wazi.

Tukaanza kuandika. Rasimu ya kwanza ya binti ilikuwa: "Asitoke getini bila ruhusa." Nikamtazama, akacheka mwenyewe, akasema, "Maiti." Ya pili: "Awe anaomba ruhusa kabla ya kutoka." Nikamuuliza, mdogo wangu akiomba ruhusa anafanyaje? Maneno yake yote hayazidi 20, na "naomba" si mojawapo. Tulikaa kimya kidogo. Kisha binti akasema, "Akitaka kutoka huwa anakwenda kwanza kuchukua kofia." Mimi dada yake wa tumbo moja nilikuwa silijui hilo. Kumbe ruhusa alikuwa anaiomba miaka yote, kwa kofia, na hakuna aliyekuwa akimsoma.

Rasimu ya nne ndiyo iliyobaki. Nainakili kama ilivyo:

"Jumanne na Alhamisi, baada ya chai ya saa kumi, atachukua kofia yake na kumwonyesha mlezi wa zamu. Watakwenda pamoja kwa fundi baiskeli, yeye mbele, mlezi nyuma. Wakifika ukingoni mwa barabara atasimama mpaka mlezi aseme 'twende'. Atakaa kwa fundi na kurudi kabla ya adhana ya magharibi. Tutasema ameweza akionyesha kofia na kusimama barabarani bila kukumbushwa katika safari sita kati ya nane za mwezi."

Binti aliisoma mara mbili, akauliza swali ambalo sijalisikia kwenye semina hata moja. "Mwalimu, mbona nusu ya maneno haya yananihusu mimi?"

Ndiyo, mwanangu. Hapo ndipo penye siri, na ndiyo maana malengo ya ukungu yanapendwa. "Awe na tabia nzuri" inamwachia mlemavu kazi yote. Asipoweza, kosa ni lake, na mwakani tunaandika "linaendelea". Lengo linalosema nani, wapi, saa ngapi na baada ya nini, linamtaja na mlezi, linamtaja na aliyepanga zamu, linamtaja na mkuu wa kituo aliyekubali watu wawili watoke getini saa kumi. Likishindikana, tunaweza kuuliza: ni yeye hakuonyesha kofia, au ni sisi hatukuwapo?

Mwezi wa kwanza zilikwenda safari nne tu. Mbili zilifutwa na mvua ya masika, moja binti alikuwa kwenye msiba Pangani na mwenzake akasema hilo ni jambo la binti, na moja sababu haikuandikwa. Katika hizo nne, mdogo wangu alionyesha kofia zote nne; kusimama barabarani aliweza mara mbili. Siku moja ya Ijumaa alitoka peke yake, akakuta fundi hayupo, akakaa chini ya mwembe mpaka giza. Tulirudi kwenye karatasi tukaandika upya, kwamba Ijumaa asubuhi ataonyeshwa kibao chenye picha ya baiskeli iliyopigwa mkwaju mwekundu. Hakikufaa kitu, alikigeuza upande wa pili. Tukamwomba fundi mwenyewe amwambie kila Alhamisi, "Kesho sipo." Hilo alilielewa. Anamwamini fundi kuliko vibao vyetu.

Na fundi, ambaye hajawahi kuhudhuria warsha yoyote, alikuja na wazo lake. Ana beseni la maji la kutafutia pancha. Alimpa mdogo wangu ashike mpira uliojazwa upepo, auzamishe, auzungushe polepole. Mapovu yakitoka, mdogo wangu anacheka, na kicheko hicho ndicho kinachomwambia fundi pa kubandika kiraka. Solusheni hagusi, hayo ndiyo masharti ya fundi. Hilo sasa ni lengo la pili kwenye faili: atazamisha mpira na kuuzungusha mpaka povu lionekane, baiskeli tatu kwa jioni, akiwa amesimama upande wa kivulini.

Watakaosema hiyo ni bahati ya mtu mmoja, nawaambia habari ya Marc Gold. Miaka ya mwanzo ya 1970 huko Marekani alichukua vijana ambao karakana za walemavu zilikuwa zimewapa kazi ya kupanga vitu kwenye makasha, akawafundisha kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15, ile ya kukanyaga pedeli kurudi nyuma. Aliivunja kazi hatua kwa hatua, akapaka rangi upande wa kila kipande unaopaswa kuonekana juu, na hakuwa na maneno mengi. Waliunganisha breki. Akija mtu kusema hawa hawafundishiki, jibu lake lilikuwa kwamba njia haijapatikana, tujaribu nyingine. Nadhani fundi wetu na Gold wangeelewana bila mkalimani.

Waheshimiwa, kuna jambo linanikera nalo ni la lugha. Fomu ya mpango wa huduma niliyoiona imeandikwa kwa Kiingereza. Inajazwa na binti anayefikiri kwa Kiswahili, kwa ajili ya bwana anayeota kwa Kidigo, Kisambaa au Kizigua, na itasomwa na mwenzake wa zamu ya usiku ambaye hatauliza maana kwa kuona haya. Kiingereza cha fomu kina maneno mazuri ambayo mtu huyanakili kwa sababu yanasikika vizuri, na ndiyo maana mafaili ya watu kumi yanafanana kama mapacha. Kwa Kiswahili ni vigumu zaidi kudanganya. Mtu akiandika "atavua viatu mlangoni na kuvipanga pamoja" anaviona viatu.

Fomu hiyohiyo ina kisanduku kikubwa cha "matatizo" na haina kisanduku cha anachokiweza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, unasema katika ibara ya 26 kwamba huduma za kumwezesha mtu zianzie kwenye tathmini ya mahitaji yake na uwezo wake, vyote viwili. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Kofia, fundi, kicheko cha mapovu vingeandikwa wapi kwenye fomu ile? Binti aliviandika pembeni, kwa penseli.

Halafu umri. Walezi wengi huwaita "watoto" watu wenye mvi. Naelewa, mara nyingi ni mapenzi. Lakini mapenzi hayo yanaingia kwenye malengo. Yupo mama mmoja wa miaka 38, sitasema wa wapi, ambaye lengo lake lilikuwa kupaka rangi picha ya tembo bila kutoka nje ya mstari. Alikuwa anachana karatasi, na uchanaji huo ukaandikwa kuwa ukorofi. Siku moja shughuli ya harusi ilikuwa jirani na kituo. Mama huyo alipita uani, akakaa kwenye mbuzi, akakuna nazi mpaka kifuu cha mwisho, na akina mama wakamsifu. Hakuchana kitu siku hiyo. Kwa nini mtu mzima wa Tanga afundishwe tembo wakati nazi zipo? Lengo la mtu mzima litoke kwenye maisha ya watu wazima wa mahali pake: kununua vocha, kukoroga uji bila kuungua, kumwamkia shangazi kwa simu, kujifungia mlango wa choo, kuketi barazani na wenzake wa rika lake. Nenda kwanza kwa ndugu zake ukawaulize alipokuwa mdogo alikuwa anapenda kufanya nini. Na muulize yeye. Asiye na maneno muulize kwa kumpa vitu viwili na kutazama mkono unakwenda wapi.

Nina hofu moja lazima niiseme, kwa sababu nimeiona. Lengo lililoandikwa vizuri linaweza kugeuzwa fimbo. Mtu akishapata karatasi inayosema "ataoga kabla ya saa mbili", kesho anasema: hakuoga, basi hapewi chai. Hapana. Chakula, maji, godoro, dawa, kutembelewa na ndugu, kusali, hayo ni haki ya mtu hata siku aliyokosea kila kitu. Lengo ni ahadi ya kumfundisha na wala si bei ya chakula. Na mwalimu aliyeshindwa kufundisha hamnyimi mwanafunzi uji. Mimi enzi zangu niliona waliofanya hivyo, na hatukupata msomi hata mmoja kwa njia hiyo.

Jingine ni la mwili. Kabla ya kuandika lengo la tabia yoyote iliyoanza ghafla, tazameni meno, masikio, tumbo, macho, dawa mpya. Nilimjua kijana aliyekuwa akijigonga kichwa ukutani upande mmoja. Kituo alichokuwapo wakati huo kiliandika lengo la kuacha kujigonga, kikamfunga kofia nene. Ilikuwa miezi mingi kabla mtu hajamulika sikio lake la upande huo. Lilikuwa limejaa usaha. Hakuna lengo duniani linalotibu sikio. Mtu asiye na maneno huongea kwa anachokitenda, na sisi tukiharakisha kukifuta, tunamfuta ulimi.

Kuhusu daftari la zamu nitasema kidogo tu. Msianze na fomu ndefu, hazijazwi. Sisi tunatumia herufi moja kwa kila safari: M akifanya mwenyewe, K kwa kukumbushwa, O kwa kuonyeshwa, S kwa kushikwa mkono, H kama halikufanyika, na mbele ya H lazima sababu. Sababu ndiyo inayofundisha. Tulipozisoma H zote za miezi miwili, zaidi ya nusu zilikuwa zetu sisi.

Sasa ombi langu kwenu, Waheshimiwa. Siombi gari wala ukumbi. Mkija kukagua, msiulize kama malengo yapo. Yatakuwapo, yatakuwa yamepigwa muhuri. Chukueni faili moja bila kuchagua. Someni lengo moja kwa sauti kwa mlezi wa mchana, mkamuulize: jana alilifanya? Kisha mtoeni nje, muiteni wa jioni, mumuulize hilohilo. Wakijibu sawa, na daftari likajibu sawa, lengo hilo lina uhai. Wakipishana, msiwagombeze. Kaeni nao muliandike upya papo hapo, nusu saa haimalizi siku yenu.

Pili, fomu iwe ya Kiswahili, ukurasa mmoja, na iwe na nafasi mbili ambazo sasa hazimo: anachokiweza, na alama ya mhusika mwenyewe kwamba lengo ni lake. Dole gumba linatosha, au mchoro. Mdogo wangu alichora duara mbili na mstari katikati.

Tatu ni mafunzo, na hapa nawaomba mtazame nyumbani kabla ya kutazama Dar es Salaam. Mkoa huu una historia ndefu ya kazi hii kuliko tunavyoikumbuka. Lutindi, huko juu Korogwe, wamekuwa wakiwahudumia wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani, na shamba, jiko na karakana vimekuwa sehemu ya matibabu yao. Irente pale Lushoto wanafundisha watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, na watoto hao wanakua, wanakuja kwenu wakiwa watu wazima. Magamba kilianzishwa mwaka 2007 chuo chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa, na walimu wa elimu maalumu waliosomea pale wametawanyika kwenye shule zenu. Hapa mjini kuna chuo cha Masiwani cha ufundi kwa watu wenye ulemavu. Moshi si mbali, na KCMC wanasomesha wataalamu wa kumrudishia mtu uwezo wa kujivisha, kujipikia na kushika chombo cha kazi. Mwiteni mmoja kila baada ya miezi mitatu, aje kituoni kwenyewe, saa ya kukabidhi zamu ili wa mchana na wa jioni wote wawepo, na kila mlezi aje na faili la mtu mmoja anayemfahamu. Watoke na lengo moja tu. Posho iwe nauli na chakula. Najua mnacheka, lakini nimehudhuria semina za hotelini za siku tano ambazo nilichorudi nacho ni begi.

Na nyinyi walezi, wanangu. Najua zamu ya usiku mpo wawili kwa bweni zima, najua mshahara, najua mnavyoumwa migongo kwa kunyanyua watu. Hakuna anayewaomba muandike kama maprofesa. Binti wa kituo cha mdogo wangu aliandika lengo bora kuliko yote niliyoandika mimi katika utumishi wangu, na alichokuwa nacho ni kwamba aliiona kofia. Mnayaona mambo ambayo faili haliyajui. Yaandikeni hayo, kwa maneno mnayosemezana jikoni.

Afisa yeyote atakayependa kuliona lengo letu likifanya kazi, namkaribisha Jumanne yoyote isiyo ya mvua. Aje saa kumi, ajitambulishe getini, asimame mbali kidogo. Atamwona bwana wa makamo akitoka bwenini na kofia mkononi, akimtafuta mtu wa kumwonyesha. Hesabuni inachukua muda gani mtu huyo kupatikana. Na kama mna baiskeli yenye pancha, njooni nayo, mtafutiwe povu.

Wenu katika kazi,

Mwalimu mstaafu, na dada yake mtu
Ngamiani, Tanga